Buni haijawa kahawa: Somo la lugha kutoka jikoni Kaskazini Mashariki

UKIINGIA dukani mjini Garissa na kusema tu, "Nipe kahawa," usishangae muuzaji akikurudishia swali: "Gani? Ya kopo, ya kusagwa, ama bun yenyewe?" Swali hilo lina maana. Muuzaji anatenganisha vitu ambavyo wengi wetu, tunaojivunia Kiswahili, tumevichanganya.

Sisi huita kila kitu kahawa. Mti ni kahawa, tunda ni kahawa, punje mbichi ni kahawa, unga ni kahawa na kinywaji kilichomo kikombeni pia ni kahawa. Basi mtu hununua kopo la unga uliosagwa miezi kadhaa iliyopita, akautia kwenye sufuria pamoja na maji, maziwa na sukari, akachemsha mpaka ikafurika, kisha akaonja na kukunja uso: "Aa, hii kitu ni chungu. Afadhali chai."

Hoja yangu wiki hii ni kwamba Kiswahili kina maneno mawili, buni na kahawa, na kwamba tofauti iliyopo baina yake haikomei kwenye kamusi. Anayeielewa tofauti hiyo ameshajua nusu ya namna ya kupika kahawa nzuri nyumbani. Na mahali pazuri pa kujifunza ni Kaskazini Mashariki, ambako hakulimwi kahawa lakini maneno yote mawili yangali hai katika vinywa vya watu.

Ukoo wa maneno mawili

Neno kahawa tumelipata kwa Waarabu, wanaosema qahwa. Waturuki walilichukua wakasema kahve, Waitalia wakasema caffè, na Ulaya nzima ikafuata. Wasomali husema qaxwo. Msomaji asiyezoea maandishi ya Kisomali, yaliyopewa rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, asibabaishwe na herufi x: husomwa kama h nzito itokayo kooni. Kwa hivyo qaxwo na kahawa ni ndugu.

Wapo wanaodai kwamba neno hili lilitokana na Kaffa, eneo la kusini magharibi mwa Ethiopia ambako mmea huu humea wenyewe msituni. Dai hilo linavutia, ila lina tatizo moja kubwa: Waethiopia wenyewe hawasemi hivyo. Waamhara husema bunna, Waoromo husema buna. Isitoshe, wanakamusi wa Kiarabu hueleza kwamba qahwa lilikuwa jina la mvinyo kabla halijawa jina la kinywaji hiki. Masufi wa Yemen, waliokinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika dhikri, walikipa kinywaji chao jina lililokuwa tayari katika lugha yao. Mwaka 1511, Khair Beg aliyesimamia Makka alikipiga marufuku, na miongoni mwa yaliyojadiliwa ni iwapo kinalevya.

Neno la pili ni buni. Kwa Kiarabu ni bunn, kwa Kisomali bun, kwa Kioromo buna. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni zao la mbuni, yaani kahawa mbichi ambayo bado haijakaangwa. Waarabu walikuwa na sababu ya kuweka maneno mawili: bunn ni kile kitokacho mtini, qahwa ni kile kilichopikwa kikanywewa. Kiswahili kiliyarithi yote mawili na tofauti yake, kama vile kilivyo na mpunga, mchele na wali. Hakuna Mswahili atakayekwambia anakula mpunga. Kwa nini basi tuseme tunakaanga kahawa, ilhali tunachokaanga ni buni?

Kwa kweli ukoo huu una mitego yake. Kubuni ni kuunda jambo jipya kwa akili, nako hakuhusiani na kinywaji. Mbuni ni mti wa buni, na pia ni yule ndege mkubwa asiyeruka. Huyo Kaskazini Mashariki anaye wake, mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya kijivu-buluu. Mwanafunzi wa Wajir akiambiwa "chora mbuni" ana haki ya kuuliza: wa manyoya ama wa majani?

Mbuni wa kiwandani na buna ya dua

Neno mbuni lina maana nyingine ambayo haimo katika kamusi nyingi, nayo inabeba historia ya uchumi wetu.

Nenda kwenye kiwanda cha chama cha ushirika Nyeri, Kirinyaga au Meru. Huko mkulima huchuma matunda mekundu, mashine huyamenya, punje huvundikwa na kuoshwa, kisha huanikwa mezani. Hiyo ndiyo kahawa yenye bei. Matunda yaliyosalia, aghalabu yaliyookotwa chini au kuchumwa msimu ukiisha, huanikwa na maganda yake hivyo hivyo. Hayo ndiyo huitwa mbuni, na malipo yake ni ya chini. Kwa mkulima wa Mlima Kenya, mbuni ni karibu sawa na masazo.

Sasa vuka Isiolo uelekee Garba Tulla, njia ya kwenda Garissa kupitia Modogashe. Kwa Waborana, tunda hilo hilo lililokauka na ganda lake ndilo lenye heshima. Wana desturi iitwayo buna qalaa. Neno qalaa linatokana na kitenzi cha kuchinja: ni buni iliyochinjwa. Wanawake hutoboa au kung'ata ncha ya kila tunda, kisha matunda hukaangwa kwa siagi au samli mpaka yapasuke. Hapo baraka husomwa, matunda hutafunwa, maziwa huongezwa, na mafuta yake yenye harufu nzuri hupakwa mwilini na kichwani. Mario Aguilar, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Garba Tulla, aliandika katika miaka ya 1990 jinsi desturi hii ilivyoendelea kuishi miongoni mwa Waborana waliokwisha kuwa Waislamu. Pasipo na mnyama wa kuchinja, buni huchinjwa. Wasomali nao wana bun ya kukaangwa kwa samli au mafuta ya ufuta, inayoandaliwa wageni na penye dua.

Tazama basi lugha inavyotufichua. Kitu kimoja, majina yanayokaribiana, thamani mbili zinazopingana. Kahawa kama zao la biashara ililetwa Kenya mwaka 1893 na wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa, wakaipanda Bura katika milima ya Taita (si Bura ya Tana River wala ile ya Fafi, Garissa). Ilikuja ili iuzwe nje, na kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wasiilime. Walipoanza kuruhusiwa katika miaka ya 1930, walifundishwa kuichuma, kuiosha na kuipeleka kiwandani, hawakufundishwa kuipika. Mpaka leo sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya huondoka ikiwa buni mbichi. Ethiopia, ambako buna ni mgeni wa kila siku nyumbani, hunywa takriban nusu ya mavuno yake yenyewe.

Kwa ufupi, upande mmoja wa nchi yetu ulijifunza kulima bila kunywa, na upande mwingine ukajua matumizi yake bila kulima. Yaliyofuata ndiyo tunayoyaona: aliye karibu na shamba anakunywa kopo, naye mwenye ujuzi wa kukaanga buni anaonekana "mtu wa mila". Kaskazini Mashariki nako mambo yanabadilika. Chai ya viungo, shaah, ndiyo inayotawala kutwa, na vijana wengi wa mjini wanaijua bun kwa jina tu. Jina likibaki bila kitendo, halikai sana.

Kukaanga si kuchoma

Hebu sasa tuingie jikoni, maana msamiati bila sufuria ni porojo.

Kwenye pakiti nyingi utasoma "kahawa iliyochomwa". Mimi nasema kahawa haichomwi. Kuchoma ni kuweka kitu motoni moja kwa moja, kama nyama au muhindi, na pia ni kuunguza. Kukaanga ni kupika katika chombo kikavu au chenye mafuta huku ukigeuzageuza, kama karanga na bisi. Katika nyumba za Garissa, ambako Kiswahili na Kisomali hukaa katika sentensi moja, mama anaweza kumwambia binti, "Abaayo, weka bun kwa moto, lakini usichome!" Kauli hiyo ni fupi, na ni sahihi kwa lugha na kwa mapishi.

Chukua buni mbichi iliyomenywa, robo kilo hivi. Chagua, utoe mawe, punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Tia kwenye kikaango kizito juu ya jiko la makaa yaliyokolea, bila mafuta. Koroga bila kuacha. Baada ya dakika chache rangi ya kijani hugeuka manjano na harufu huwa kama ya nyasi kavu au mkate. Kisha huja hudhurungi, na hapo utasikia mlio: ta, ta, ta. Mvuke na gesi zimejikusanya ndani ya punje mpaka zikaipasua. Mlio huo huja joto la punje likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Ni mlio ule ule anaousubiri mama wa Kiborana katika samli yake.

Ukitaka ladha ya tunda na uchachu mwepesi, epua mlio huu unapokwisha. Ukitaka kahawa nzito ya kutiwa tangawizi, ngoja dakika moja au mbili zaidi. Ukisikia mlio wa pili, mdogo na wa haraka, na punje zikaanza kung'aa mafuta, epua upesi. Zaidi ya hapo umeshavuka kukaanga na kuingia kuchoma. Kazi yote huchukua dakika 10 hadi 15. Mwaga punje kwenye ungo na upepete, ili zipoe haraka na makapi yaruke. Ukiziacha kwenye kikaango, joto lake litaendelea kuzipika.

Hapa ndipo tofauti ya buni na kahawa inapokuwa na faida mfukoni. Buni mbichi, ikihifadhiwa pakavu, hukaa miezi mingi bila kuharibika. Ikishakaangwa, manukato huanza kutoroka na mafuta yake huanza kuchacha. Wiki mbili tatu zikipita, uhai wake umepungua. Ikishasagwa, kinachohesabiwa ni siku. Na katika joto la Garissa, linalopita nyuzi 35 mara nyingi, mambo haya huharakishwa. Kwa hivyo nunua na uweke buni. Kaanga ya wiki moja. Twanga ya leo. Zilizokaangwa zitie katika chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jua na mbali na viungo.

Kahawa haichemshwi

Najua kichwa hiki kitawaudhi wengine. "Kwani babu zetu hawakuchemsha?" Walichemsha, na nitawarudia. Kwanza tuangalie kitenzi chenyewe.

Kwa chai tunasema kuchemsha, na hakuna ubaya, kwa sababu chai ya maziwa ya Kenya hutaka kuchemka. Tukahamisha kitenzi hicho na kukibandika kwenye kahawa. Lakini kinachopaswa kuchemshwa ni maji. Maji moto yanapokutana na unga wa kahawa, huvuta kwanza uchachu na manukato, kisha utamu, na mwisho uchungu. Ukiendelea kuchemsha, unafukuza manukato kwa mvuke na kukaribisha uchungu. Yule aliyekunja uso mwanzoni mwa makala haya hakuonja kahawa mbaya. Alionja kitenzi kibaya.

Vitenzi vinavyotakiwa ni vinne: chemsha, loweka, tuza, chuja. Kwa nusu lita ya maji tumia gramu 30 hivi za unga, yaani vijiko vya mezani vitano au sita. Twanga punje kwa kinu na mchi mpaka ziwe kama sukari ya chengachenga. Zikiwa laini kama unga wa ngano, uchungu utakuja haraka na chungio litaziba. Ukipenda tangawizi, ponda kipande cha ukubwa wa kidole gumba uchemshe na maji kwa dakika tano. Iliki na mdalasini pia huingia hapo, katika maji, si katika kahawa.

Ondoa sufuria motoni. Hapa jiografia ina neno. Maji mazuri kwa kahawa ni ya nyuzi 90 hadi 96 hivi. Nairobi iko mita 1,700 juu ya bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au karibu na hapo; mkazi wake anaweza kutia unga papo hapo. Garissa iko mita 150 tu, na maji yake huchemka karibu kabisa na 100. Mwenye kupika Garissa, na vilevile Wajir au Mandera, angoje kama dakika moja kwanza. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya mji mmoja hayafai mji mwingine bila kurekebishwa.

Tia unga, koroga mara moja, funika. Loweka dakika nne. Koroga tena polepole, kisha iache itulie dakika mbili tatu ili mashapo yazame. Huko ndiko kutuza. Chuja kwa chungio au kitambaa safi, uimimine katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji moto. Chupa iliyozoea shaah ya iliki itaifanya kahawa inukie shaah, basi ukiweza tenga moja.

Maji nayo huchaguliwa. Visima vingi vya Kaskazini Mashariki, hasa Wajir, vina maji ya chumvi na magumu. Maji hayo huifanya kahawa iwe bapa, isiyo na uchachu wala harufu, hata buni iwe bora namna gani. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, yakachujwa na kuchemshwa, ni bora zaidi. Ya Tana yaliyosafishwa yanafaa. Mwenye kupenda maziwa ya ngamia ayapashe peke yake kisha ayatie kikombeni. Huwa na chumvichumvi kidogo, hivyo onja kabla ya kuongeza sukari.

Waliochemsha walikuwa na sababu

Sasa niwarudie wazee. Wauza kahawa wa Lamu na Mombasa, wenye madele yao ya shaba juu ya makaa, huichemsha kahawa kweli. Lakini kahawa hiyo huitwa kwa jina lake, kahawa chungu. Hunywewa katika vikombe vidogo kama mayai, pamoja na tende, halua au kashata. Uchungu hapo umekusudiwa, na utamu umewekwa pembeni. Hawaidai iwe tamu kisha wakaichemsha kama chai.

Tena kipo kinywaji ambacho kuchemsha ni haki yake. Ni kile cha maganda makavu ya buni, ambacho Wayemeni hukiita qishr. Maganda huchemshwa na tangawizi, wakati mwingine mdalasini, taratibu kwa robo saa au zaidi. Maganda hayana uchungu wa punje iliyokaangwa, kwa hiyo muda hauyadhuru. Hutoa maji mepesi ya rangi ya dhahabu, yenye ladha kama ya tunda kavu. Mtu akisikia "kahawa huchemshwa" kuhusu kinywaji hiki, kisha akaitumia kanuni hiyo kwenye unga wa punje, kosa si la mpishi wa kwanza. Ni la neno moja lililobebeshwa vitu viwili.

Na maganda hayo hutoka wapi? Kwenye lile tunda lililoanikwa zima, lile ambalo kiwandani tunaliita mbuni na kulilipa senti. Likichumwa likiwa jekundu na kuanikwa kwa uangalifu, hutoa punje ya kukaangwa na ganda la kuchemshwa. Kahawa ya Harar na ya Yemen huanikwa hivyo na dunia huinunua kwa hamu. Unyonge wa mbuni wetu umetokana na tunda tunalolitupa humo, na jina tulilolipa likawa kama hukumu.

Walimu wa Kiswahili na watunga vitabu wana kazi ndogo hapa. Watoto wafundishwe mbuni, buni, kahawa na mkahawa kwa mpangilio huo, kama wanavyofundishwa mpunga, mchele na wali. Katika shule za Garissa, Wajir na Mandera, mwalimu ana bahati zaidi: mwanafunzi tayari anasema bun na qaxwo nyumbani, wala hahitaji kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya watu wa mbali. Amwambie tu aende kwa ayeeyo wake, bibi yake, aulize bun hukaangwaje, aandike vitenzi vyote atakavyovisikia, kisha avitafutie Kiswahili chake. Insha hiyo itakuwa na harufu.